Ng'ombe Aliyekimbizwa Sindano

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kwedizinga, mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, ambaye baba alimwachia. Shamba la pamoja alililima bila kinyongo, tena kuliko wanaume kadhaa ninaowajua. Lakini ng'ombe, hapana. Huyo alikuwa wake.

Ndipo bwana mifugo akatangaza chanjo ya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na hata watu. Kila ng'ombe aliyechomwa sindano alikatwa alama sikioni, na maneno yakaenea kisimani kwamba alama ile ni ya kijiji: akishakatwa sikio, si wako tena. Upuuzi mtupu. Lakini watu waliokwisha kuhamishwa majumbani mwao usiwalaumu upesi kwa kuuamini. Alfajiri mama alimswaga ng'ombe wake hadi kwenye mahame yetu, kwa kaka yake aliyekuwa amegoma kuhama.

Mvua zilipoanza, ng'ombe akatetemeka, akahema, akaanguka. Kwetu mnyama akifa kabla ya kisu ni kibudu, haliwi. Mjomba akakimbilia kisu, akasoma bismillahi, akachinja, akafurahi kwamba amewahi. Damu ilitoka nyeusi, haikuganda. Akamchuna mwenyewe, na kidoleni alikuwa na mkwaruzo wa mwiba.

Habari ya nyama haichelewi kijijini; mimi na mama tulikwenda mahameni upesi. Bwana mifugo naye alifika huko kwa baiskeli kabla sufuria hazijapanda jikoni. Nilidhani atafoka.

"Shikamoo mama," alisema. "Hiki ni kimeta. Nyama hii isiliwe. Fukieni yote, na ngozi yake."

Tulichimba shimo refu tukafukia. Mama alilia kwa ajili ya ng'ombe, maana hakujua bado.

Siku chache baadaye mkono wa mjomba ulivimba, ukatoka kidonda cheusi katikati. Alisema ni mwiba tu, akakanda kwa maji ya moto. Tulipompakia kwenye lori la mkonge kwenda hospitali Korogwe, hakuwa akisema tena. Alirudishwa amefunikwa shuka.

Nilimkasirikia mama, nasema kweli, na nilimwonea huruma kwa wakati huohuo.

Chanjo iliporudi, alifika zizini wa kwanza. Hakuwa na ng'ombe. Alishika pembe za ng'ombe wa watu, mmoja baada ya mwingine, wakati sindano ikiingia. Waliosimama mbali wakisitasita na mifugo yao aliwaita kwa sauti:

"Waleteni. Mimi nilimficha wangu, nikamzika kaka yangu."