Maji Yaliyopita Kwenye Chupa

Kuna video moja ambayo siwezi kuitazama hadi mwisho, na anayeonekana ndani yake ni mimi.

Nafundisha sayansi katika shule ya upili huko Nyamasaria, karibu na ziwa. Kwa miaka mingi niliwacheka wanafunzi walioniletea takataka za mtandaoni: limau linatibu malaria, dunia ni bapa kama chapati, na mengine ya kutia kichefuchefu. Basi Jumamosi moja, siku ya klabu ya sayansi, nikaamua na sisi tuweke kitu cha maana mtandaoni. Nilikata chupa ya plastiki, nikaijaza kokoto, mchanga na makaa yaliyosagwa, kisha nikamimina maji ya ziwa, yale ya kijani yanayonuka magugu yaliyooza. Yakatoka maangavu. Darasa likapiga makofi. Nikawaambia wasishangilie mapema, vijidudu bado vimo, nikawasha jiko na kuyachemsha mbele yao. Msichana mmoja alinirekodi kwa simu ya dada yake.

Alipoiweka mtandaoni, ilikuwa fupi kama chafya. Chupa, maji ya kijani, maji maangavu, halafu mimi nimeinua glasi nikicheka, na muziki juu yake. Jiko halikuwepo.

"Madam, watu hawamalizi video ndefu," aliniambia nilipomuuliza. "Hiyo part ya kuchemsha ilikuwa inaboo."

Ilinipasa kumwambia aifute palepale. Badala yake nikaketi kusoma maoni. Vijana wa Obunga, wa Kakamega, wa miji nisiyowahi kufika, wote wakinisifu. Sokoni nikaanza kusalimiwa na watu nisiowajua. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwahi kukumbuka somo ninalofundisha, alinipa mkono. Mtu mzima na digrii yangu, nikalamba sifa kama paka aliyepata sahani ya samaki. Nikajiambia kila mtu anajua maji huchemshwa. Yule msichana alikuwa mtoto. Kinyaa changu chote ni juu yangu.

Shule zilipofungwa nilienda kwa mama, Asembo Bay, kando ya ziwa lilelile. Huko mama na jirani zake hubanika samaki kwa moshi, na kuni ni za samaki kwanza, mengine baadaye. Kuchemsha maji ya kunywa daima kulikuwa ugomvi kati yetu: niliwahimiza, wakanung'unika kwamba nawamalizia kuni. Safari hii nilimkuta mama mlangoni akitabasamu. Juu ya dapi, chungu chake cha maji, ilining'inia chupa iliyokatwa, imejaa mchanga na makaa ya jikoni kwake.

"Nyathina, mwanangu, kunywa," akasema, akinipa kikombe. "Tulikuona kwa simu. Sasa huku hakuna mtu anaharibu kuni."

Kikombe kilinuka moshi wa samaki, na chini ya moshi, ziwa. Mtu hakatai maji ya mama yake, lakini sikuweza kuyapeleka mdomoni.

Jirani mmoja alikuwa ameketi kando ya ukuta na mtoto wake mapajani. Mtoto alikuwa mwepesi kama kitambaa, macho yamezama, nguo imelowa kinyesi cha majimaji. Alikuwa ametoka zahanati kwa mara ya pili.

"Daktari anasema ni maji," mama wa mtoto akaniambia, akitafuta uungaji mkono wangu. "Mimi nikamwambia haiwezi. Maji yetu imepita kwa chupa ya mwalimu."

Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia daktari yuko sawa: chupa inatoa uchafu tu, ugonjwa unabaki, lazima yachemshwe. Nilichemsha siku ile, nikasema, ila walikata sehemu hiyo. Nilisikia ninavyotamka neno "walikata", na nikajichukia.

Yule jirani hakuinua sauti.

"Mwalimu, wewe ulijua lini kwamba wamekata?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema jana.

"Siku ya kwanza," nikasema.

Akamfunga mtoto wake mgongoni, akatoka bila kuaga.