Beseni la Usipa

Harufu ya usipa unaokauka kwenye mchanga wa Liuli hainitoki puani mpaka leo. Dagaa wale wadogo wa ziwani walitulisha mara mbili: kwanza kama kitoweo, halafu kama mahindi. Kila mwaka mama alijitwika beseni la usipa, akapanda milima hadi Umatengoni kwa rafiki yake Mama Kolumba, akarudi nalo limejaa mahindi. Beseni kwa beseni, na pesa haikutajwa kabisa.

Mwaka mmoja, baada ya biashara kuachiwa huru, malori ya wanunuzi yalipanda mpaka vijiji hivyo vya Umatengoni, wilayani Mbinga, na bei ya mahindi ikapaa. Kwetu ziwani mihogo ilikuwa imeozea shambani. Bibi na mdogo wangu tuliwaacha wakila maembe mabichi ya kuchemsha, mama akanichukua tukapande wote. Njiani tulikutana na wanawake wa kwetu wakishuka na usipa wao vilevile. "Rudini tu," walisema. "Siku hizi wanataka noti." Mama alikaza mwendo.

Tulifika tumechoka hoi. Nilimwamkia Mama Kolumba shikamoo, akaitikia, akalitazama beseni, machozi yakamlenga. "Mwenzangu, nimeuza mahindi yote, ada ya watoto ilinibana. Kwa bei ya leo hata mimi siwezi kuyanunua." Weee, nikayakumbuka yale maembe mabichi! Kisha akapanda kigodani, akaanza kushusha mahindi yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa moshi.

"Hiyo si mbegu?" mama alishtuka.

"Ni mbegu. Watoto wale kwanza."

Mama akakataa, mwenzake akang'ang'ania, wakabishana mpaka nikaogopa. Mwishowe waliketi chini wakagawana: hindi moja kwenye beseni, jingine kurudi juu ya moshi. Jamani, niliduwaa. Walikuwa watu wazima wawili wenye njaa, na kila mmoja alipigania apate kidogo kuliko mwenzake. Usipa wote ulibaki kule.

Leo naishi Mbinga mjini. Bei ya unga ikipanda nanung'unika, nalipa, nakula. Juzi mwanamke kutoka Mbaha, kule ziwani, alipiga hodi kwangu na beseni la usipa, akaomba tubadilishane kwa unga. Nikainua macho juu ya jiko langu la gesi, na hapakuwa na kitu kinachoning'inia. Nikaburuta kiroba changu cha unga, nikaanza kumimina, nikamimina tena, mpaka akanishika mkono.

"Inatosha, dada," alisema. "Bakiza na wa kwako."