Nilibadilisha Majina Nyuma ya Kadi za Wanafunzi

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano huku Suguti, kijijini, na hili hata mume wangu halijui.

Chanzo ni mwalimu mwenzangu, nimwite M. Kadi za QR nilizileta mimi. Watoto wetu hawana simu, lakini kadi ni karatasi tu, kila mtoto na yake yenye alama zake. Unauliza swali, anainua kadi na kuigeuza upande wa A, B, C au D. Unapitisha kamera ya simu yako darasani, na jibu la kila mmoja linatokea kwa jina lake. Nilizichapisha Musoma mjini, nikazibandika kwenye maboksi ya sabuni, nikaandika majina nyuma kwa penseli ili kila mtoto achukue yake; simu yenyewe haisomi jina hilo, inamtambua mtoto kwa alama za kadi tu.

Halafu kikaoni M akasimama akasema ni ubunifu wake! Akapangiwa afundishe darasa langu kwa kadi hizo siku wageni wa wilaya wakija. Nilipomuuliza alinicheka.

"Dada, wewe kazi yako ni gundi. Mambo ya simu tuachiege sisi vijana."

Roho iliniwaka. Nikaapa kumtia aibu mpaka aombe uhamisho.

Asubuhi ya wageni nilifungua kabati, nikafuta majina kwenye kadi za watoto watano wanaoongoza na watano wanaoshika mkia, nikayaandika kwa kubadilishana, ili majibu ya mmoja yatokee kwenye simu kwa jina la mwenzake. Nikazipanga tena kabatini kama zilivyokuwa.

M akasoma matokeo kwa sauti. Aliyeongoza, mgeni mmoja akamwomba asome sentensi moja ubaoni, akashindwa. M akalowa jasho. Mimi nimekaa nyuma, na Mungu anisamehe, nilisikia raha!

Ndipo M akafika kwenye jina la mtoto nitakayemwita Nyangeta, binti wa wavuvi, mwenye kigugumizi. Tangu aanze shule alikuwa hajibu swali kwa kuogopa kuchekwa. Kadi ndizo zilimtoa kifungoni, na kila siku alipata yote.

"Nyangeta, sifuri."

Darasa likacheka. Akaigeuza kadi yake, akaikagua pande zote, akakaa.

M aliondolewa darasani kwa aibu, kama nilivyotaka. Kesho yake nikarudisha majina, nikauliza swali. Kadi zote zikainuka isipokuwa moja. Nikamfuata Nyangeta kwenye dawati lake, nikambembeleza ajaribu. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Mwalimu, mpe mwingine. Nilikuwaga nadhani najua, kumbe sijui."

Sikumwambia ukweli. Ningesema, ningefukuzwa kazi, na M angenicheka tena. Huu ni muhula wa pili tangu siku ile, na kadi yake bado iko kabatini.

M namchukia mpaka leo, sikufichi. Lakini wewe unayepanga kulipiza kisasi, mfuate mbaya wako mwenyewe, umwambie usoni. Usipitie kwa mtoto! M alishapata shule nyingine Bunda na anaendelea na maisha yake. Nyangeta ana miaka kumi na moja, na anaamini ni mjinga kwa sababu mimi niliandika hivyo kwa penseli.