Zulia la Darasa la Tano

Jengo jipya la shule lilipokwisha kuezekwa bati, kilichobaki ni sakafu. Saruji haikupatikana, na mkutano wa kijiji ulikaa tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi, watu wakiamua darasa la tano litakanyaga nini.

Mimi nilikaa nyuma ya mama. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne miaka miwili kabla, na tangu hapo nilichunga ndama, maana darasa la tano la karibu lilikuwa mwendo wa kutwa. Afisa elimu wa wilaya alikuwa ameahidi kwamba akiridhika na jengo letu atatuletea mwalimu, na kwamba sisi tuliozidi umri angetupokea mwaka huo tu. Baada ya hapo, basi. Sakafu ile ilinihusu kuliko karibu wote waliokuwa wakiizungumzia, lakini sikufungua mdomo.

Akina mama walitaka isiribwe kama nyumbani, kwa udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, kila Jumamosi. Mzee mmoja akasema majamvi yatatosha. Mwenyekiti wa kijiji, aliyewahi kuingia ofisi ya wilaya, alisema huko kuna zulia, na mtu akilikanyaga hata sauti yake hupungua. Mgeni wa serikali hawezi kupokelewa juu ya mavi. Mama akamwambia yeye mwenyewe alizaliwa juu ya mavi hayo na hajambo. Watu walicheka, mwenyekiti naye akacheka, ila zulia ndilo lililopita.

Lilipatikana katika mji mdogo wa Shelui, kwa dereva wa lori aliyekubali magunia ya mtama na mbuzi wawili. Lilikuwa jekundu, na pembe moja ilinuka mafuta ya taa. Lilitandikwa juu ya udongo mtupu, ukuta hadi ukuta, nami nikachaguliwa kulitunza kwa kuwa nilikuwa binti asiye na maneno mengi.

Nililitunza kwa namna niliyoijua. Kila asubuhi nilinawa miguu, nikanyunyiza maji kutuliza vumbi kama tufanyavyo kwenye sakafu zetu, kisha nikafagia polepole. Mwenyekiti alipita dirishani akasema nafagia kama mtu anayemkuna mtoto mgongo.

Afisa hakuja. Ikaja barua kwamba atafika baada ya mavuno, kisha nyingine. Zulia likabaki palepale, kwa sababu kwetu kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni hakikunjwi kabla mgeni hajakikalia. Ukikikunja, umemfukuza akiwa njiani.

Mwezi wa tatu tangu litandikwe nilianza kusikia kitu chini ya ufagio, mchakacho mdogo, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Mahali pengine mguu wangu ulizama kidogo. Pembeni, ukutani, palikuwa na uzi wa udongo mbichi unaopanda kuelekea kwenye boriti. Kila mtu wa kwetu anajua uzi ule ni wa nini.

Nilimwambia mama. Akasema, "Nenda kwa mwenyekiti sasa hivi. Mwambie ni mchwa. Avunje mila alikunje leo, atubu kesho."

Nilimkuta mwenyekiti amekaa na wazee wanne. Nikapiga magoti nikaamkia. Wote wakaitikia, kisha wakanigeukia.

"Haya, mwanangu," mwenyekiti alisema. "Zulia letu linasemaje?"

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Lakini nyuso zile tano zilinielekea mimi peke yangu, na kilichotoka ni, "Zulia ni safi."

"Mnaona?" akawaambia wazee. "Safi."

Afisa alikuja wiki tatu baadaye kwa Landrova. Aliwekewa kiti juu ya zulia, karibu na ukuta. Alipokikalia, mguu mmoja wa kiti ulilitoboa zulia ukazama, akashika ukuta asianguke, na udongo ukabomoka mkononi mwake. Akainua pembe ya zulia. Upande wa chini haukuwepo, palikuwa na udongo tu uliochukua rangi nyekundu. Akatazama juu, akaomba fimbo, akagonga boriti. Ilitoa sauti ya kibuyu kikavu.

Hakugomba. Alimwambia mwenyekiti taratibu, "Ndugu, mngesiriba tu, ingenitosha. Mngewaona mchwa mapema. Lakini chini ya paa hili siwezi kuweka watoto."

Mwalimu akapelekwa kijiji kingine. Nami nilijua mwaka wangu umekwisha pale pale, fimbo ilipogonga.

Tukirudi nyumbani mama alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika kwenye zizi akauliza, "Ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Mama aliniamini. Tangu siku ile hamsalimii mwenyekiti. Ameacha kusimama naye kisimani, na mwenyekiti alipofiwa na ndugu yake, mama alipeleka unga kwa mkono wa jirani. Mwenyekiti hajui amemkosea nini. Amewahi kuniuliza, nami nikatazama chini.

Ninachunga ndama bado. Jengo limeezuliwa bati, kuta zinaliwa na mvua. Karibu kila siku ninakutana na mwenyekiti njiani, ninapiga magoti, ninasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ananijibu, na hupunguza mwendo, kama anayengoja niseme jambo jingine.