Nilichora mkono wa chanjo, soko la Mkuyuni likabaki tupu

Wakuu wa madawati ya nyuma, habari zenu. Kaka zangu wakubwa, shikamooni.

Naubandika uzi huu ukutani kabla mwalimu hajarudi, kwa hiyo someni upesi. Yamenikuta mwenyewe. Mkikuta nimeongeza chumvi, uji wangu wa wiki nzima gawaneni.

Mnakumbuka nilivyomchora mwalimu ana shingo ya kuku aliyenyonyolewa? Baada ya viboko akasema, "Mkono huu unakuwasha. Nenda kwa daktari ukachore picha za chanjo."

Daktari, Mjerumani asiyependa maswali, akaagiza nichore mkono tu, wembe, na mahali pa kuchanja. Mambo mengine yangewachanganya watu.

Nikachora. Mkono mnene, mishipa imetokeza, tone la damu kwa juu. Nikajipongeza.

Siku ya soko tukapanda Mkuyuni, mimi na Bwana Sefu mchanjaji. Mkuyuni ndiko kwetu. Ng'ambo ya mto ndui ilishaingia, na mdogo wangu Zena hajachanjwa. Dawa ya Bwana Sefu haivumilii joto, kesho yake ilikuwa lazima aondoke.

Picha ikabandikwa kwenye nguzo ya banda la soko. Akina mama wakaja na matenga ya ndizi, wakaitazama. Halafu mmoja mmoja wakaanza kufunga mizigo.

Bibi yangu akasogea, Zena mgongoni.

"Mjukuu wangu, mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani, bibi?"

"Mwenye mkono."

"Hayupo, bibi. Ni mkono tu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Akageuka, akapanda mlimani na Zena wake. Jua halijafika utosini habari imeshaenea: wanakata mikono.

Wakuu, sikutulia. Naenda mtoni, narudi. Nainuka, nakaa. Bwana Sefu akasema, "Kijana, unanitia kizunguzungu." Namtazama na chupa zake za dawa, nalitazama jua, namuwaza Zena.

Mwisho nikaibandua ile karatasi, nikaigeuza.

Mjomba wangu, mtoto wa bibi huyohuyo, ndiye jumbe, mkuu wa pale kijijini. Na kwetu Waluguru mnajua, mjomba akisema, baba anakohoa tu. Nikamchora mzima mzima: masikio yake kama majani ya magimbi, pengo lake, kigoda chake. Kakunja mkono wa kanzu, Bwana Sefu anamchanja, naye anacheka.

Mpita njia wa kwanza akaangua kicheko, akaenda kuwaita wenzake. Soko likajaa kuliko asubuhi. Habari ikapanda mlima, na bibi akashuka kumtazama mwanawe, Zena mgongoni vilevile.

Jumbe naye akafika, kanuna.

"Nani kanichora?"

Nikajificha nyuma ya matenga. Bibi akamuwahi.

"Umechanjwa lini, mwanangu, mbona hukuniambia? Hebu tuonyeshe kovu."

Kumbe jumbe aliwahimiza watu wote, yeye mwenyewe akawa anamkwepa Bwana Sefu kila akija. Akaitazama picha. Akawatazama watu. Akaniona.

"Wewe, tutaonana nyumbani," akasema, huku anakunja kanzu. "Kovu linakuja sasa hivi. Sefu, njoo."

Kicheko alichokitoa hakikufanana na nilichochora, lakini mkono ulibaki mahali pake, na watu wote waliona. Bibi akamteremsha Zena. Zena akachanjwa, kisha akamng'ata Bwana Sefu.

Nilichojifunza: ukitaka picha ifundishe afya, mchore mtu mzima, tena mtu anayejulikana, ambaye watu wanaweza kwenda kumuuliza. Kiungo peke yake kinatisha.

Sasa daktari amefurahi, anataka picha ya kufundisha watu kutumia vyoo. Lazima awe mtu anayejulikana na kila mtu. Mwalimu tangu jana ananikwepa.

Mwenye jina la kupendekeza aliandike hapa chini.