Maji ya Trekta la Koko

Juzi nilikuwa sokoni Ngaramtoni natafuta mbegu, nikapita kwa wauza vyuma chakavu. Kulikuwa na injini ya silinda moja imelazwa ubavu, imeliwa na kutu, na harufu ya dizeli ya zamani ikanipanda puani. Mbegu nikazisahau, ndugu yangu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, namuwaza koko, bibi yangu mzaa baba.

Koko alinilea kule juu, mlimani Meru, kwenye kahawa na migomba. Babu alikuwa ameokota trekta dogo la bustani lililotupwa na mzungu mwenye shamba, akalifufua. Kiharusi kilipomlaza babu, koko ndiye akashika spana, na alizishika hasa. Kila Jumamosi, akishamaliza kukamua, alilifungua uani juu ya gunia, mimi nikiosha chujio kwa mafuta ya taa. Gasketi za kuziba mafuta yasivuje alizikata kwa mkasi kutoka boksi la biskuti. Halafu tulikaa palepale tukala loshoro, mahindi na mtindi, na mpaka leo loshoro isiyonukia dizeli kidogo naiona haijaiva.

Injini ya trekta hilo ilipozwa kwa maji, tangi likiwa juu yake, na maji yalichemka yakaisha upesi. Kulikuwa na kijiti chekundu cha kuonyesha maji: yakipungua, kinashuka. Chetu kilikuwa kimeshikwa na kutu zamani, kimesimama juu siku zote, hata tangi likiwa kavu. Koko alijua kimekwama, hakukitegemea. Akilima matuta machache anasimama, anaongeza maji, na wa kubeba dumu ni mimi. Utosi wangu umekuwa bapa kwa ajili ya dumu lile.

Babu akafa. Hata matanga hayajaisha vizuri, wanaume wa ukoo wakakaa kikao, wakila ndizi alizopika koko mwenyewe. Baba mdogo, kitinda mimba wa koko, akasema trekta ni mali ya wanaume, analichukua. Koko akaomba aachiwe kwanza amalize kulima, maana mvua zilikuwa zimekaribia na shamba lake halijaguswa. Baba mdogo akamjibu mbele ya watu wote, "Mama, ukishika spana, sufuria atashika nani?" Wakacheka. Mzee mmoja alicheka hadi akapaliwa na ndizi, na aliyemkimbilia na kikombe cha maji ni koko. Nawachukia mpaka leo, waliokufa na waliobaki.

Kesho yake asubuhi baba mdogo akaja. Hakuuliza chochote. Alikitazama kijiti, akaridhika. Mimi nikaanza, "Baba, hicho kijiti..."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akanikatiza.

Nikataka kusema tena. Koko akanikanyaga vidole vya mguu, kisigino akakiacha hapohapo. "Haya, nenda salama, mwanangu," akamwambia.

Alikwenda kulima bondeni, chini kidogo ya nyumba, tukawa tunamsikia. Koko alikaa barazani anachambua maharage. Mlio ulianza vizuri, ukawa mzito, kisha injini ikaanza kugonga. Nikainuka na dumu. "Kaa," koko akasema. Nikakaa. Mikono yake haikuacha maharage. Injini ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Ilikuwa imenoki, imekwama kwa joto. Nilipoangua kilio alinizaba kofi, la pekee alilowahi kunipiga maishani, akasema sina akili, nalilia chuma.

Baba mdogo akapanda na mikono imejaa grisi, ghafla amekuwa mpole. "Mama, njoo uliangalie."

"Mimi niko na sufuria, mwanangu," koko akasema. "Kaa ule."

Fundi alipokuja kulifungua alikuta tangi kavu na kijiti kimesimama. Baba mdogo akamtazama mama yake, akaelewa. Trekta halikuwaka tena. Koko alilima kwa jembe la mkono masika hata masika, mgongo ukapinda, na sikumsikia akilalamika. Siku hizi pale uani pamejengwa vyumba vya kupangisha. Migomba imebaki michache nyuma ya choo, na kitu kikiharibika anapigiwa simu fundi, anakuja na pikipiki. Hakuna bibi anayekata gasketi kwa boksi la biskuti, na mimi inaniuma.

Koko alipozeeka sana akaanza kusahau. Alisahau majina yetu, akausahau msiba wa babu na kile kikao. Alibaki na baba mdogo, kwa kuwa kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na mama. Kila asubuhi alihangaika kutaka kutoka kitandani, akiuliza kama trekta limetiwa maji. Baba mdogo, kijiko cha uji mkononi, alimjibu kila asubuhi, "Limetiwa, mama. Limejaa." Ndipo koko alipotulia, akafungua mdomo, akalishwa.