Kibao cha Darasa la Tano

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, harufu yake hupanda mpaka machoni. Juzi mzazi mmoja aliingia darasani kwangu na kitu kilichofungwa gazeti, na kabla hajakifungua nilishajua ni kibao, tena hakijakauka vizuri. "Mwalimu, nimewaletea watoto aya ya kutundika, wapate baraka." Nikamshukuru kwa moyo wote, nikakataa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Na mimi mtu wa swala tano, mtandio kichwani! Yeye sikumweleza. Ninyi kaeni niwaambie.

Baba yangu alikuwa mwandishi wa mabango pale mtaani Mabawa. Vinyozi, mabucha, maduka ya Wahindi, wote walimtaka yeye. Nyumba yetu ilinuka tarpentaini ya kuzimulia rangi hata kwenye wali, na mama alikuwa akisema siku moja atawasha jiko twende sote. Nilipokuwa darasa la tano, Baba aliandika Ayatul Kursi kwenye kibao cha mvule, herufi za dhahabu juu ya kijani, akanipa nikipeleke shuleni. Shule yenyewe ya serikali. Mwalimu wetu wa darasa alikitundika juu ya ubao kwa kamba na msumari, nami nikatembea wiki nzima kidevu juu. Hata waliokuwa wakikosa hesabu walizikosa chini ya kazi ya baba yangu.

Darasa zima tulikuwa Waislamu isipokuwa watoto watano. Kipindi cha dini kikifika, sisi tulibaki darasani na maalimu wetu, wao walibeba madaftari wakaenda stoo ya majembe na mafagio. Hakuna aliyewafukuza. Ndivyo ilivyokuwa tu, na sikuwahi kujiuliza kule walikuwa wakikalia nini.

Mmoja wao alikuwa Neema, niliyekaa naye dawati moja. Baba yake, Mshambaa, aliteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge, kisha wakahamia mtaani kwetu. Mimi na Neema tulikula mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja, na kachumbari yote alikuwa akiniachia mimi kwa sababu pilipili ilimtoa machozi.

Asubuhi moja ya masika ilikuwa zamu yake ya kufagia. Upepo ukaingia dirishani, kamba ikakatika, kibao kikaanguka kifudifudi kwenye lundo la takataka. Mimi ndiyo kwanza nafika mlangoni. Nikamwona Neema ameinama, amevuta juu pindo la sketi yake ya buluu mpaka gaguro la ndani likaonekana, wavulana wanacheka hadi wanapiga madawati, naye anakiokota.

"Usiguse!" nikapiga ukelele. "Huna udhu wewe!"

Akashtuka. Kikamponyoka, kikagonga dawati, pembe moja ikapasuka.

Lo, nililia siku ile! Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwanaidi, mama wa Kidigo ambaye hatukuwahi kuona unywele wake hata mmoja, akaja kuuliza nani kavunja. "Neema," nikajibu upesi. Neema akarudi kwenye ufagio wake. Hadi saa ya mapumziko watoto walikuwa wakimwita mvunja aya, na mchana akahamia dawati la nyuma, peke yake.

Baba akaitwa. Nilingoja Neema achapwe na kibao kirudi mahali pake. Badala yake Mwalimu Mwanaidi akapanda kiti, akang'oa msumari kwa koleo mbele yetu sote. "Ukuta huu wa serikali," akasema, "na serikali haina kibla. Aya ikae pa heshima, si hapa mnaporushiana vifutio."

"Nitakirudisha," nikasema.

"Hutakirudisha."

"Nitakirudisha, wallahi!"

Baba alinitoa nje kwa sikio. Nyumbani akakigundisha kibao, akakisimamisha juu ya kabati la sebuleni. Lakini mimi nikishika neno sishikiki. Siku ya tatu nikakiiba, nikakificha ndani ya kanga ya mama, nikafika nacho hadi lango la shule. Mwalimu Mwanaidi alikuwa amesimama palepale. Hakunichapa. Alinishika mabega akanigeuza kuelekea nyumbani, nami nikamchukia kwa miaka.

Neema hakurudi dawati letu. Mwaka ulipokwisha, wazazi wake wakapanda naye milimani, na mimi nikajiambia ndiyo afadhali.

Baba alipofariki, Neema alishuka kutoka Lushoto, mama mtu mzima sasa, akaingia jikoni kumenya viazi na wanawake wengine bila kungoja kuambiwa. Baadaye tukawa tunasogeza kabati ili tupate pa kutandika mikeka. "Hebu kitoe kile kibao juu," nikamwambia bila kumtazama. Nilipogeuka, Neema alikuwa amevuta pindo la kanga yake, amefunika viganja vyote viwili, ndipo akakishika.

Nilisimama kama niliyepigwa. Sketi ya buluu. Gaguro. Wavulana wakicheka.

"Neema, kumbe siku ile..."

"Mama alinifundisha kwamba vitu vyenu vya dini havishikwi ovyo," akasema. "Sikuwa na kitambaa kingine."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Si wewe ndiye uliyeniona?"

Nililia kuliko nilivyolia kibao kilipopasuka. Kweli nilimwona. Macho yalimwona mtoto aliyekubali kuchekwa ili asiivunjie heshima aya yangu, mdomo ukamhukumu. Na mimi mwenyewe asubuhi ile udhu sikuwa nao. Nilichelewa kuamka, hata uso sikunawa vizuri.

Darasani kwangu leo wapo watatu wasio wa dini yangu. Kipindi cha dini nimewadaia chumba chenye madawati mpaka wakapewa, na msumari niliokuta ukutani niliung'oa mwenyewe. Akija mwenye msalaba wa kutundika nitamjibu yaleyale niliyomjibu yule mzazi juzi.

"Kwa hiyo ukuta utabaki mtupu?" akaniuliza mzazi yule.

"Utabaki mtupu."

Nikamsaidia kukifunga tena kibao chake kwenye gazeti. Udhu wangu ulikuwa umetenguka, kwa hiyo nilikishika kwa pindo la mtandio, kama alivyonifundisha Neema.